Andika Mara Moja, Itumike Kila Dirisha: Mpangilio wa Majedwali Unavyolinda Haki ya Mwananchi

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa usemi huo tulijifunza kuandika kila pato, kila deni, kila kizimba na mwenye nacho. Makala hii inahusu jambo ambalo usemi huo haukulitaja, nalo ni kwamba mali yenye madaftari mengi yasiyojuana hupotea vilevile, tena hupotea huku kila mshika daftari akiamini kuwa la kwake ndilo sahihi.

Naomba nianze na kosa ambalo nami nilihusika nalo. Ujenzi wa banda moja la soko ulipokamilika, wafanyabiashara waliokuwa wamehamishwa kupisha ujenzi walitakiwa kurudi na kuthibitisha vizimba vyao ndani ya siku saba. Kazi ya kuwatumia ujumbe wa simu ilikuwa yangu. Nilipokea orodha kutoka dawati la masoko, nikaitumia kama ilivyo. Siku ya tisa alifika ofisini mama mmoja muuza dagaa, mkononi ana stakabadhi zake zote, hadaiwi hata shilingi. Kizimba chake kilikuwa kimekwisha kupewa mtu aliyekuwa akisubiri zamu. Ujumbe wangu ulikwenda kwenye laini aliyoiacha miezi mingi iliyopita.

“Mbona namba mpya niliwapa?” aliuliza.

Alisema kweli. Aliiandikisha kwenye dirisha la leseni alipokwenda kuhuisha leseni yake. Dirisha la leseni na dawati la masoko yapo katika ukumbi mmoja, milango miwili tu kati yake.

Shauri lake lilichukua wiki sita. Mwishowe alipewa kizimba kingine, upande wa nyuma, ambako mnunuzi hufika kwa bahati. Hakuna mtumishi aliyekataa kazi, hakuna aliyeomba chochote, hakuna aliyesema uongo. Daftari moja lilijua, la pili halikujua, na hasara ikamwangukia yeye. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza wenzangu wa Kitengo cha TEHAMA swali moja: ni mpangilio gani wa taarifa ungefanya kosa lile lisiwezekane? Majibu waliyonipa ndiyo ninayowaletea, kwa kuwa Halmashauri yetu sasa inapanga upya orodha zake za ndani, na kazi hiyo haiwezi kufanikiwa iwapo wananchi hawaielewi.

ORODHA MOJA ILIYOBEBESHWA KILA KITU

Malipo yenyewe hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kupitia mifumo ya Serikali, na utaratibu huo haubadiliki. Ninachozungumzia hapa ni zile orodha ambazo kila dawati hujitunzia kwa kazi zake za kila siku: orodha ya vizimba, orodha ya wenye leseni, orodha ya vikundi vya mikopo, na nyinginezo.

Orodha ya masoko ilikuwa faili moja kubwa la kompyuta lenye safu kumi: namba ya kizimba, jina la soko, ukubwa wa kizimba, kodi ya mwezi, jina la mfanyabiashara, simu yake, kijiji chake, kata yake, tarehe ya malipo na kiasi alicholipa. Kila malipo yalipofanyika, karani aliongeza mstari mpya na kuzijaza safu zote kumi.

Hebu tupige hesabu. Tuseme soko lina vizimba 240 na kila kizimba hulipiwa mara moja kwa mwezi. Kwa mwaka mmoja orodha itakuwa na mistari 2,880. Katika kila mstari karani huandika upya jina, simu, kijiji na kata, yaani mambo manne. Jumla ni maandishi 11,520. Ilhali wafanyabiashara wenyewe ni 240, na mambo yao manne yangetosha kuandikwa mara 960. Karani amefanya kazi mara kumi na mbili ya iliyohitajika, na bado hajaongeza hata chembe ya taarifa mpya.

Gharama kubwa, hata hivyo, si uchovu wa karani. Kila jina linapoandikwa upya, kuna nafasi ya kuliandika tofauti. Ramadhani wa mwezi Januari huwa Ramadhan mwezi Machi; Athumani hugeuka Othman; Zuhura hugeuka Zuhra. Jicho la binadamu husamehe tofauti hizo, lakini kompyuta haisamehi. Kwayo, Zuhura na Zuhra ni watu wawili, mmoja amelipa na mwingine anadaiwa.

MAKOSA MATATU YANAYOZALIWA NA MARUDIO

Wataalamu wa taarifa huyagawa madhara ya marudio katika makundi matatu. Yote matatu yaliwahi kuonekana katika orodha za aina hii, na mwananchi aliyewahi kupanga foleni atayatambua.

La kwanza ni kosa la marekebisho. Jambo moja linapoandikwa mahali pengi, likibadilika hurekebishwa mahali pamoja na kusahaulika kwingine. Hilo ndilo lililompata mama muuza dagaa. Namba yake ya simu ilikuwa moja tu, lakini ilihifadhiwa katika orodha mbili, na kila orodha iliitunza kivyake.

La pili ni kosa la kuingiza. Katika faili lile la safu kumi, kila mstari ulianzia kwenye malipo. Kwa hiyo kizimba kipya ambacho hakijapata mpangaji hakikuwa na mahali pa kuandikwa. Karani angefanya nini? Ama aache kukiandika, na hapo kizimba cha umma kinakuwa hakijulikani, ama ajaze jina la kubuni ili mstari ukubalike. Njia zote mbili hufungua mlango wa vizimba hewa.

La tatu ni kosa la kufuta. Mfanyabiashara akiacha biashara na mistari yake ikaondolewa, ukubwa wa kizimba na kodi yake hufutika pamoja naye, kwa sababu havikuandikwa popote pengine. Tulikusudia kumwondoa mtu, tukaondoa na kizimba.

Ukiyatazama makosa haya kwa makini utaona chanzo chao ni kimoja. Mstari mmoja umelazimishwa kueleza mambo manne tofauti kwa pamoja: mtu, kizimba, mahali anapoishi mtu, na malipo. Mambo haya hayana umri mmoja. Kizimba hudumu miaka mingi, mtu huhama, simu hubadilika, malipo hufanyika siku moja na kubaki historia. Yakifungwa katika fungu moja, moja likitikisika hutikisa yote.

JAMBO MOJA, MAHALI PAMOJA

Dawa ya tatizo hili imekuwapo kwa zaidi ya nusu karne. Aliyeiweka katika maandishi ni Edgar F. Codd, mwanahisabati mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya IBM huko San Jose, California, nchini Marekani. Mwezi Juni 1970 alichapisha makala ya kitaalamu iliyobadili namna dunia inavyotunza taarifa. Kabla yake, mtu aliyetaka taarifa katika hazina kubwa za kompyuta alilazimika kujua njia ya kuifikia, kama mtafuta jalada anayepaswa kujua kabati, rafu, na jalada lililo mbele yake. Mpangilio wa kabati ukibadilika, programu ziliharibika.

Codd alipendekeza taarifa zipangwe katika majedwali ya kawaida, yenye safu na mistari, na majedwali hayo yahusiane kwa thamani zilizoandikwa ndani yake. Mwenye swali aulize anachotaka. Kompyuta ndiyo itafute ilikohifadhiwa. Mwaka 1981 alitunukiwa Tuzo ya Turing, ambayo ni heshima ya juu kabisa katika sayansi ya kompyuta. Kanzidata za benki, hospitali na kampuni za simu tunazozitumia leo zimejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya wazo hilo.

Kwa lugha yetu ya kawaida, wazo hilo linaagiza hivi: kila jedwali lieleze aina moja tu ya jambo, na kila ukweli uandikwe mahali pamoja tu. Faili letu la safu kumi likipangwa kwa kanuni hiyo linakuwa majedwali sita:

Jedwali la WATU: namba ya mtu, majina, simu, namba ya kijiji.

Jedwali la VIJIJI: namba ya kijiji, jina la kijiji, namba ya kata.

Jedwali la KATA: namba ya kata, jina la kata.

Jedwali la VIZIMBA: namba ya kizimba, soko, ukubwa.

Jedwali la MIKATABA: namba ya mkataba, namba ya mtu, namba ya kizimba, tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha, kodi iliyokubaliwa.

Jedwali la MALIPO: namba ya stakabadhi, namba ya mkataba, tarehe, kiasi.

Msomaji anaweza kushangaa kwamba jedwali moja limekuwa sita, na kazi imeonekana kuongezeka. Lakini tazama mfanyabiashara anapolipa sasa. Karani haandiki jina, simu, kijiji wala kata. Anaandika namba ya stakabadhi, namba ya mkataba, tarehe na kiasi, basi. Kompyuta inapohitaji jina, hutoka kwenye malipo kwenda kwenye mkataba, na kutoka kwenye mkataba kwenda kwa mtu. Kizimba kipya huandikwa siku kinapokamilika, hata kama hakijapata mpangaji. Mpangaji akiondoka, mkataba wake hufungwa, na kizimba hubaki mahali pake na vipimo vyake.

Tazama pia kwamba jina la kata halimo katika jedwali la watu. Mtu huishi kijijini, na kijiji ndicho kilicho ndani ya kata. Wananchi wenzangu mnafahamu kwamba kata hugawanywa. Kata inapogawanywa na kijiji kikaangukia kata mpya, mpangilio wa zamani ungetulazimu kurekebisha mstari wa kila mkazi wa kijiji hicho, na bila shaka tungewasahau baadhi yao. Kwa mpangilio huu tunarekebisha mstari mmoja katika jedwali la vijiji, na wakazi wote huonekana katika kata yao mpya papo hapo.

NAMBA NI UFUNGUO

Kiungo kinachoyafunga majedwali haya ni namba, nayo huitwa ufunguo. Ufunguo una sharti moja kuu: umtambulishe mtu mmoja au kitu kimoja tu, na usibadilike. Namba ya mtu iliyomo katika jedwali la watu ndiyo ufunguo wake mkuu, namba hiyohiyo inapoonekana katika jedwali la mikataba huwa ni rejea, yaani kidole kinachoonyesha, “mwenye mkataba huu mtafute kule.”

Wananchi wengi wameuliza kwa nini tusitumie jina. Jina haliwezi kuwa ufunguo kwa sababu watu wengi hushiriki jina moja, na mtu mmoja huandikwa kwa majina tofauti. Katika vijiji vyetu si ajabu kukuta watu watatu wenye jina la kwanza, la baba na la babu yanayofanana kabisa. Simu nayo haifai: hubadilika, hupotea, na mara nyingi laini moja hutumiwa na nyumba nzima.

Vipi kuhusu Namba ya Utambulisho wa Taifa? Namba hiyo yenye tarakimu 20 ni njia bora ya kuhakiki kwamba mtu ndiye, na Halmashauri itaiomba pale sheria na taratibu zinapohitaji. Lakini haifai kuwa ufunguo wa ndani wa kila jedwali, kwa sababu mbili. Kwanza, si kila anayehudumiwa anayo. Mtoto anayelindwa na huduma za ustawi wa jamii, kwa mfano, huenda bado hajaandikishwa. Pili, tarakimu zake za mwanzo huonyesha tarehe ya kuzaliwa. Kuisambaza katika kila orodha ya soko na ya maji ni kuisambaza siri ya mtu bila sababu. Kwa hiyo itahifadhiwa mara moja, mahali palipolindwa, na majedwali mengine yatatumia namba ya ndani isiyo na maana yoyote nje ya mfumo.

Ufunguo una faida nyingine, nayo ni kubwa kuliko kupunguza kuandika. Kompyuta inaweza kuamriwa kukataa. Inaweza kukataa mkataba uliotajwa kwa namba ya mtu asiyekuwapo katika jedwali la watu. Inaweza kukataa kumfuta mtu ambaye bado ana mkataba hai. Na inaweza kukataa kizimba kimoja kuwa na mikataba miwili hai kwa wakati mmoja. Laiti amri hii ya mwisho ingekuwapo siku ile, jina jipya lisingeingia kwenye kizimba cha mama muuza dagaa kabla mkataba wake haujafungwa kwa utaratibu, na afisa angelazimika kujiuliza: huyu hadaiwi, kwa nini tunamwondoa?

MTU MMOJA, VIKUNDI VINGI

Zipo taarifa ambazo haziwezi kukaa vizuri hata katika majedwali hayo sita. Mfano mzuri ni vikundi. Mkazi mmoja anaweza kuwa mwanachama wa kikundi cha wajasiriamali, wa chama cha msingi cha ushirika, na tena mjumbe wa jumuiya ya watumia maji. Na kila kikundi kina watu wengi. Je, majina ya wanachama yaandikwe ndani ya jedwali la vikundi?

Orodha za zamani zilifanya hivyo. Zilikuwa na safu ya “mwanachama wa kwanza”, “mwanachama wa pili”, hadi mwisho wa karatasi. Kikundi chenye wanachama wengi kuliko safu kilibanwa. Chenye wachache kilibaki na nafasi tupu. Na ukitaka kujua mkazi fulani yumo katika vikundi vingapi, ilikulazimu kusoma safu zote za vikundi vyote.

Njia iliyo sahihi ni kuwa na jedwali la tatu katikati, tuliite UANACHAMA, ambalo kila mstari wake unasema jambo moja fupi: namba ya mtu huyu, namba ya kikundi hiki, tangu tarehe hii, kwa wadhifa huu. Mtu mwenye vikundi vitatu ana mistari mitatu. Kikundi chenye watu kumi kina mistari kumi. Hakuna safu ya ziada, hakuna jina linalorudiwa.

Faida yake kwa mwananchi si ndogo. Halmashauri nchini hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana, na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinapoomba mkopo, wanachama wake hukaguliwa. Ukaguzi ukifanywa kwa majina, mtu asiye na deni anaweza kuzuiwa kwa sababu jina lake limefanana na la mdaiwa, na kikundi kizima kikakosa mtaji wa msimu. Wakati huohuo mdaiwa halisi anaweza kupita kwa kubadili herufi moja ya jina lake. Ukaguzi ukifanywa kwa namba ya mtu, mwadilifu hazuiwi na mjanja hapiti kwa urahisi.

MARUDIO YALIYO HALALI

Isije ikadhaniwa kwamba kila kinachoonekana mara mbili ni kosa. Msomaji makini atakuwa ameona kwamba kodi imo katika mkataba, na kiasi kimo tena katika malipo. Je, huko si kurudia?

Sivyo. Hizo ni kweli mbili tofauti. Mkataba unasema mlikubaliana nini; malipo yanasema ulilipa nini siku ile. Kodi inaweza kupandishwa mwakani, lakini stakabadhi ya mwaka huu lazima iendelee kusema ulichokilipa mwaka huu. Kama malipo ya zamani yangekuwa yanasoma kodi ya sasa, basi siku kodi inapopanda, kila aliyelipa kikamilifu miaka iliyopita angeonekana ana upungufu. Hilo lingekuwa dhuluma iliyotengenezwa na mpangilio mbaya.

Kwa hiyo kanuni haisemi “usirudie maandishi” tu; inasema “usiandike ukweli mmoja mara mbili.” Bei ya leo na bei ya jana ni kweli mbili, na historia ya mwananchi ni mali yake. Kupanga majedwali vizuri ni kujua tofauti hiyo, na ndiyo maana kazi hii huanza kwa kukaa na makarani, watendaji wa vijiji na wafanyabiashara wenyewe kabla ya kugusa kompyuta. Wao ndio wanaojua kipi hubadilika na kipi hudumu.

MAHALI PAMOJA PANAHITAJI MLINZI

Upo wasiwasi mmoja wa haki ambao sitaki kuupita kimya. Taarifa zikikusanywa mahali pamoja, je, si rahisi zaidi mtu mmoja kuziona zote? Na kosa likiingia mahali hapo pamoja, je, halitaenea kila dirisha?

Ndiyo, hatari zote mbili zipo. Kuandikwa mara moja hakumaanishi kuonekana na kila mtu. Karani wa soko anahitaji kuona jina, simu na mkataba wako; hana sababu ya kuona shauri lako la ustawi wa jamii. Mpangilio wa majedwali yaliyotenganishwa huturahisishia jambo hilo, kwa kuwa kila mtumishi anaweza kupewa ruhusa ya jedwali analolihitaji na kunyimwa mengine. Faili moja la safu zote halikuwa na uwezo huo: aliyelifungua aliona yote.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazitaka taasisi kukusanya taarifa kwa kusudi linalojulikana na kuzitunza kwa usalama. Inampa mwananchi haki ya kujua taarifa zake zilizohifadhiwa na kuomba zisahihishwe zikiwa na kosa. Haki hiyo ya kusahihisha ndiyo jibu la wasiwasi wa pili. Zamani, kusahihisha kosa kulikutaka uzunguke kila dirisha, na bado usiwe na uhakika kwamba umelimaliza. Ukweli ukiwa mahali pamoja, unasahihishwa mara moja na masahihisho yake yanafika kote.

TUNACHOKUOMBA WEWE

Sehemu ngumu ya kazi hii haiko kwenye kompyuta. Iko katika kuzihamisha orodha za zamani kwenda kwenye majedwali mapya. Katika orodha hizo tutakutana na Zuhura na Zuhra, wenye kijiji kimoja na simu mbili. Je, ni mtu mmoja au wawili? Kompyuta inaweza kutuonyesha kwamba wanafanana, lakini haiwezi kuamua. Tukiwatenganisha kimakosa, mmoja atabaki na deni lisilo lake la kulipa. Tukiwaunganisha kimakosa, tutampa mtu deni la mwenzake. Mwenye jibu ni Zuhura mwenyewe.

Ndiyo sababu kutakuwa na zoezi la uhakiki katika ofisi za kata. Ratiba ya kila kata itabandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi za vijiji na kata, na watendaji wa vijiji pamoja na wenyeviti wa vitongoji wataitangaza kwenye mikutano. Mwananchi anaombwa kuzingatia yafuatayo:

Kwanza, fika na kitambulisho chako, mkataba wa kizimba au leseni kama unayo, na stakabadhi za karibuni. Stakabadhi ndiyo shahidi wako iwapo orodha zetu zitatofautiana.

Pili, taja majina yako kwa mpangilio na tahajia ya kitambulisho chako, na utumie hayohayo kila unapoandikishwa. Kama kitambulisho chenyewe kina kosa, sema mapema ili uelekezwe pa kulirekebisha.

Tatu, toa namba ya simu unayoitumia wewe. Kama huna simu, sema huna. Utaratibu wa kukufikishia taarifa kupitia kwa mtendaji wa kijiji utaandikwa kwenye kumbukumbu zako, na hilo halitakupunguzia haki yoyote.

Nne, omba usomewe au uonyeshwe kilichoandikwa kabla hujaondoka. Usione haya. Karani atakayekosea herufi moja leo anakosea katika kila dirisha la kesho.

Tano, viongozi wa vikundi waje na orodha kamili ya wanachama hai. Aliyefariki au aliyehama atajwe, ili kumbukumbu zake zifungwe kwa heshima na zisitumiwe na mtu mwingine.

Sita, ukiulizwa swali ambalo huoni linahusiana vipi na huduma unayoitaka, una haki ya kuuliza sababu, na mtumishi ana wajibu wa kukueleza.

Baada ya uhakiki, ukibadili simu utaieleza ofisi moja tu, yoyote iliyo karibu nawe. Dirisha la leseni likiiandika, dawati la masoko litaiona, nami nitaiona nitakapoandaa ujumbe mwingine.

Mama muuza dagaa bado yuko upande wa nyuma wa soko. Nilimtembelea wakati nikiandaa makala hii, nikamweleza habari za majedwali, namba na funguo. Alisikiliza hadi mwisho huku akipima dagaa kwa kikombe. Kisha akaniuliza kama safari hii atalazimika kutoa namba yake mara ngapi.

Nilimjibu kuwa mara moja. Ahadi hiyo sasa imeandikwa, na mahali pa kutudai ni katika ofisi ya kata yako.

Imeandaliwa na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini, Ofisi ya Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya.